Machakos 2017: Kesi Iliyosimama Juu ya Fomu Moja

Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walipiga kura sita kwa siku moja. Mnamo 1 Septemba Mahakama ya Juu ikabatilisha ile ya urais, na fomu za matokeo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiangusha. Zaidi ya miezi kumi na tano baadaye, 21 Desemba 2018, mahakama hiyohiyo ikauacha usimame uchaguzi wa gavana wa Machakos, ingawa Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekwisha kusema kwamba fomu iliyotumika kumtangaza mshindi haikuwa ile iliyowekwa na kanuni. Wafuasi wa aliyeshindwa walikuwa na swali la haki kabisa: iweje fomu yenye kasoro imwangushe rais, kisha gavana asamehewe?

Wapo waliomaliza mjadala kwa kusema majaji wamenunuliwa au wametishwa. Jibu la aina hiyo halimsaidii mtu anayejiandaa kulinda kura zake uchaguzi ujao. Mimi naona jibu lenyewe limo ndani ya darasa la shule ya msingi, usiku, masanduku yanapofunguliwa.

Kwanza wahusika. Alfred Mutua, msemaji wa serikali enzi za Rais Kibaki, alichaguliwa gavana wa kwanza wa Machakos mwaka 2013 kwa tiketi ya Wiper. Akakosana na kinara wa chama, Kalonzo Musyoka, akaanzisha chama chake, Maendeleo Chap Chap, na 2017 akaingia ulingoni kutetea kiti akiwa nacho. Wavinya Ndeti alikuwa amewahi kuwa mbunge wa Kathiani na alishindwa na Mutua 2013. Safari hii yeye ndiye aliyebeba tiketi ya Wiper, na katika Ukambani, eneo la Machakos ambako chama hicho kina mizizi, hilo si jambo dogo. Mgombea mwenza wake alikuwa Peter Mathuki, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Matokeo yaliyotangazwa: Mutua kura 249,603, Ndeti kura 209,141. Tofauti ni kura 40,462.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyoikalia kesi nzima. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo. Kwa hiyo, ili kuifuta tofauti ile kwa hesabu tupu, ungelazimika kuondoa vituo 58 vilivyojaa hadi mtu wa mwisho, tena ambavyo kila kura yake ilikwenda kwa Mutua. Bila shaka hakuna kituo cha namna hiyo, kwa hiyo kiuhalisia ungehitaji vituo vingi zaidi. Hilo halina maana kwamba aliyeshindwa kwa kura 40,000 hana kesi. Lina maana kwamba lazima achague mapema: ama aonyeshe wizi mpana wa kura zenyewe, ama aonyeshe kwamba utaratibu uliharibika kiasi kwamba hakuna awezaye kujua nani alishinda.

Sasa twende darasani.

Upigaji kura hufungwa saa kumi na moja jioni, walio kwenye foleni humalizia, kisha meza hupangwa upya. Sanduku jeupe la rais ndilo la kwanza kuhesabiwa. Sanduku la samawati, la gavana, linasubiri zamu yake pamoja na mengine. Nalitaja hili kwa sababu lina madhara ambayo hayaandikwi kwenye kanuni: mawakala wengi, yaani watu wa wagombea wanaolinda kura kituoni, huyamaliza macho na nguvu zao kwenye kura za rais. Zamu ya kaunti inapofika usiku umekwenda, taa ya chaji imeanza kufifia, na wakala aliyepewa nauli na pesa ya chakula cha mchana tu ameshaanza kufikiria atafikaje nyumbani.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Msimamizi wa kituo huchukua karatasi moja, huikunjua, hutaja kwa sauti mgombea aliyepigiwa kura, kisha huigeuza mawakala waione kabla ya kuiweka kwenye rundo lake. Hatua ya kuigeuza ndiyo haki ya wakala iliyo kubwa kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kuliwa na haraka. Msimamizi akianza kusoma bila kuonyesha, wakala mzuri hasubiri hadi mwisho ndipo alalamike. Anasimamisha hapohapo, kwa adabu, anaomba karatasi ionyeshwe. Anaruhusiwa kuandika, kwa hiyo anakuwa na daftari lake: jina la kila mgombea, vijiti vinne, cha tano kinakatiza. Karatasi yenye alama mbili, au yenye alama isiyoeleweka imekwenda kwa nani, hukataliwa. Wakala asiporidhika na uamuzi huo pingamizi lake huandikwa, na uamuzi wa msimamizi unabaki hadi mahakama iseme vingine.

Hesabu ikiisha na wakala akaona haimkai, kanuni zinampa nafasi ya kudai zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Baada ya hapo inajazwa Fomu 37A: waliosajiliwa kituoni, kura halali, zilizokataliwa, zenye mzozo, na kura za kila mgombea. Mawakala wanatia saini, kila mmoja anapewa nakala, na nakala nyingine inabandikwa mlangoni.

Kwenye saini kuna imani moja imewaumiza wagombea wengi, na bado inafundishwa kwenye semina za vyama. Wakala huambiwa: ukiona mambo hayaendi vizuri, kataa kusaini, matokeo yatakuwa batili. Si kweli. Kanuni zinasema wazi kwamba kukosekana kwa wakala, au kukataa kwake kusaini, hakubatilishi matokeo. Kinachotakiwa ni aandike sababu za kukataa. Wakala anayenuna, akaondoka bila kusaini, bila sababu na bila nakala, amemwachia mpinzani wake uwanja mtupu. Bora asaini huku ameandika malalamiko yake, aondoke na nakala mfukoni.

Kutoka kituoni matokeo ya gavana hupanda ngazi mbili. Fomu 37A za eneobunge hujumlishwa kwenye Fomu 37B. Machakos ina maeneobunge manane: Masinga, Yatta, Kangundo, Matungulu, Kathiani, Mavoko, Machakos Mjini na Mwala. Zote nane hujumlishwa kwenye Fomu 37C, ambayo msimamizi wa uchaguzi wa kaunti huitumia kutangaza mshindi. Karatasi hiyo ya juu kabisa ndiyo iliyofika hadi Mahakama ya Juu.

Wiki chache kabla ya uchaguzi, 23 Juni 2017, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imetoa uamuzi mzito katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai na wenzake dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC. Kesi ilihusu urais, lakini fikra yake iliwagusa wote: kituo cha kupigia kura ndipo mahali halisi pa uamuzi wa mwananchi, na aliye ngazi ya juu kazi yake ni kujumlisha, hana mamlaka ya kusahihisha. Ukiichukua fikra hiyo kwa uzito, karatasi ya juu haina thamani yake yenyewe. Thamani yake ni kwamba unaweza kuifuata kurudi chini, mstari kwa mstari, hadi mlango wa darasa. Hoja hii inakata pande zote mbili. Inampa mlalamishi nguvu ya kusema, "karatasi yenu ya juu hainifikishi chini." Inampa pia mshindi nguvu ya kujibu, "achana na ya juu, hizi hapa za chini, nionyeshe iliyo na kosa."

Katiba inatoa siku 28 tangu kutangazwa matokeo kwa anayetaka kuyapinga. Mwaka ule saa ya kesi za kaunti ilikuwa bado inakwenda rais alipobatilishiwa ushindi 1 Septemba. Nchi nzima ilikuwa inazungumza fomu. Mawakili walioandika kesi za magavana siku zile walikuwa wameusikia uamuzi, lakini sababu zake kamili zilisomwa 20 Septemba, mlango wa kufungua kesi za kaunti ukiwa umefungwa. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko linavyotajwa. Kila mtu alijua fomu zimemwangusha rais. Hakuna aliyekuwa amesoma ni kwa vipi hasa.

Ndeti na Mathuki wakafungua kesi Mahakama Kuu. Mapema 2018 ikatupwa. Wakakata rufaa, na 8 Juni 2018 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi: Fomu 37C iliyotumika kumtangaza Mutua haikuwa katika umbo lililowekwa na kanuni, kwa hiyo uchaguzi ulitangazwa nje ya sheria, urudiwe. Machakos wengine wakashangilia, wengine wakajiinamia. Mutua akaenda Mahakama ya Juu akiwa bado ofisini, na 21 Desemba ushindi wake ukarejeshwa.

Siwezi kuwalaumu majaji wa Rufaa. Kanuni zinapoweka fomu hazifanyi mapambo. Umbo la fomu linaamua ni nini msimamizi analazimika kukionyesha: akipewa uhuru wa kuchapisha karatasi yake mwenyewe, anaweza kuacha safu moja, na safu hiyo ndiyo ambayo mwananchi angeitumia kukagua. Tena tangazo la msimamizi wa kaunti ndilo linalomfanya mtu kuwa gavana. Ukisema ofisi kubwa namna hiyo itolewe kwa karatasi yoyote iliyo karibu, umefungua mlango mpana.

Hata hivyo nadhani Mahakama ya Juu ndiyo iliyouliza swali sahihi. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 83, inaelekeza kwamba uchaguzi usibatilishwe kwa kosa la kutofuata sheria iwapo uliendeshwa kwa misingi ya Katiba na sheria, na kosa halikuathiri matokeo. Isitoshe, Kenya ina sheria ya jumla ya kufasiri sheria nyingine, nayo kifungu chake cha 72 kinasema waraka hauwi batili kwa kutofautiana na fomu iliyowekwa, ikiwa tofauti hiyo haigusi kiini wala hailengi kupotosha. Kwa hiyo mwenye kushika fomu yenye umbo baya bado ana nusu ya safari mbele yake. Anatakiwa aseme: na kwa sababu ya umbo hili, kura hizi zimepotea, au zimeongezwa, au hakuna awezaye kuzihesabu upya. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyopungua Machakos. Tofauti ya kura 40,462 ilibaki pale ilipokuwa.

Hapo ndipo kesi ya rais na kesi ya Machakos zinapoachana, na ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo. Kwenye urais, Fomu 34C ya matokeo ya nchi nzima ilikaguliwa ikaonekana haina alama za usalama. Lakini kasoro hiyo haikuwa peke yake. Mshindi alitangazwa kabla tume haijapokea Fomu 34A zote za vituoni, na mahakama ilipoamuru mitambo ya kompyuta ifunguliwe ikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Maana yake juu kulikuwa na kasoro, na ngazi ya kushuka chini kuthibitisha nayo ilikuwa imevunjika. Shaka ikabaki hewani, na mwenye wajibu wa kuiondoa akakataa kuiondoa. Kwa Machakos kasoro ilikuwa juu tu. Chini fomu za vituo zilikuwapo.

Kuna upande mmoja wa uamuzi wa Desemba 2018 ambao haunitulizi. Mahakama ikisamehe fomu kwa sababu hesabu haikubadilika, tume inajifunza kwamba uzembe wa karatasi hauna gharama pale mshindi anapokuwa na pengo kubwa. Na tume ndiyo inayochapisha fomu, inayofundisha wasimamizi, inayolipwa kufanya hivyo. Mlalamishi anabeba gharama ya mawakili ngazi tatu, miezi zaidi ya kumi na tano, ilhali aliyetumia fomu isiyo yake hapati hata karipio linaloumiza. Ningependa kuona mahakama ikiuacha ushindi usimame na wakati huohuo ikiielekeza tume ibebe gharama za kesi. Hilo halihitaji uchaguzi kurudiwa.

Kesi ya kura ingefananaje, tofauti na kesi ya fomu? Ingeanza na jedwali chafu la kuchosha. Jina la kituo na nambari yake. Kura za Ndeti na za Mutua kwenye nakala ya 37A aliyoondoka nayo wakala. Kura zilezile jinsi zilivyoandikwa kwenye 37B. Safu ya tofauti. Chini ya kila mstari wenye tofauti, hati ya kiapo ya wakala aliyekuwa chumbani, si ya wakili wala ya mkuu wa kampeni aliyehadithiwa. Mawakili wa upande wa pili watamhoji wakala huyo alikaa wapi, taa ilikuwa ya namna gani, kwa nini saini yake ipo kama anasema hakukubali. Daftari la vijiti linamsaidia hapo kuliko ufasaha wowote.

Ukiwa na jedwali hilo unaweza kuomba masanduku yafunguliwe. Ombi hilo halitolewi bure. Katika kesi ya ugavana wa Meru, Munya dhidi ya Kithinji, iliyoamuliwa 30 Mei 2014, Mahakama ya Juu iliweka masharti ambayo bado yanatumika: mlalamishi ajenge msingi wa ombi lake, na ukaguzi ubaki kwenye vituo alivyovitaja. Kusema "fungueni kaunti nzima tutaona" ni njia ya uhakika ya kukataliwa. Kwa hiyo asiye na nakala za 37A hajui ataje kituo gani, na asiyejua kituo hafunguliwi sanduku. Yote yanarudi kwa yule wakala wa saa saba usiku mwenye pesa ya chakula cha mchana.

Nimeongea juu ya gavana kwa sababu kesi yake ilipanda ngazi zote. Kwenye wadi mambo ni madogo na makali zaidi. Mgombea wa uwakilishi wadi, ambaye wengi bado wanamwita diwani, huwasilisha kesi yake mbele ya hakimu, akiweka dhamana ya shilingi 100,000 pale ambapo gavana au mbunge huweka 500,000. Rufaa yake inakomea Mahakama Kuu. Mahakama ya Juu iliamua 2019 kwamba kesi za wadi haziendi Mahakama ya Rufaa. Lakini wadi ina vituo vichache, na mara nyingi pengo ni la kura mamia au makumi. Huko karatasi moja iliyojumlishwa vibaya inaweza kweli kugeuza mshindi, na mgombea anaweza mwenyewe kuzunguka vituo vyote kwa pikipiki kabla mapambazuko hayajaingia, akipiga picha kilichobandikwa mlangoni. Wachache hufanya hivyo. Wengi huwa kwenye kituo cha kujumlishia, wakipigania mlango wa ukumbi ambao hesabu yake ilikwisha kuamuliwa kwingine.

Wavinya Ndeti aligombea tena 2022, Mutua akiwa amemaliza mihula yake miwili, akashinda na kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza Machakos.

Uchaguzi huo wa 2022 ulikuja na jambo jipya lililowafurahisha wengi: Fomu 34A za urais ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mwenye simu akawa anajumlisha kivyake. Watu walizowea haraka kiasi cha kudhani fomu zote ziko hivyo. Sheria inadai matokeo ya urais ndiyo yatumwe kielektroniki kutoka kituoni. Fomu 37A ya gavana na 36A ya mwakilishi wadi bado zinatoka darasani kwa mkono wa msimamizi na mikono ya mawakala waliokubali kungoja hadi sanduku la mwisho. Mgombea anayepanga bajeti ya mabango na helikopta angeanza kwa kuuliza mawakala hao watalipwa nini, watakula nini saa nne usiku, na ni nani atakayewafuata alfajiri kuchukua karatasi zao.